Kanda za Jumapili za Badi wa Mashini

Lori la Aruna lilituondoa Likasi alfajiri, na ilipofika saa nane mchana tulikuwa tumebadilisha gurudumu mara mbili na kusimamishwa kwenye vizuizi vitano. Mji niliuona kabla ya kuufikia. Kwanza lilikuja vumbi jeupe la Kingamyambo, likipeperuka kutoka kwenye madimbwi yaliyokauka ambamo mabaki ya shaba yamemwagwa kwa miaka mingi. Kisha zikaonekana paa za viwanda, na bomba refu lisilotoa moshi. Aruna alipunguza mwendo, akazima redio.

"Njo Kolwezi hii," alisema; huko *njo* ni *ndiyo*. "Mbele, zamani ile, ukifika hapa, mashini ya kiwanda unaisikia mu meno. Sasa sikiliza."

Nikasikiliza. Kulikuwa na injini yetu tu, na vikapu vya samaki wakavu vikisuguana nyuma.

Aruna ni mfanyabiashara wa samaki na chumvi. Babu yake alitoka Kasongo, na yeye mwenyewe ameendesha barabara hii miaka ishirini. Nilimwambia nataka treni ya kwenda Mutshatsha, na kutoka hapo nifike mpaka wa Angola. Alicheka mpaka akapangusa macho.

"Treni? Mugeni wangu, treni yote inabeba batu ya Kasai. Hata mbuzi haipate nafasi. Utaikala na sisi hapa mpaka unenepe."

Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka 1993. Tangu mwaka uliotangulia, watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa katika miji ya migodi ya Katanga, hata wale ambao baba zao ndio waliochimba mashimo ya kwanza. Kolwezi zamu yake ilifika mwezi wa tatu. Aruna alinishusha stesheni nijionee mwenyewe, akaenda kupakua samaki wake kwenye ghala lililokuwa ng'ambo ya reli.

Stesheni ilikuwa imekuwa mji. Familia zililala chini ya paa la jukwaa, kwenye ngazi, katikati ya reli za akiba, goti la huyu mgongoni mwa yule. Watu walikuwa wamekuja na masufuria, magodoro, cherehani, mabati ya paa, na milango. Milango mingi, imeng'olewa na bawaba zake. Mtu aliyefukuzwa nyumbani hana la kufanya na nyumba, lakini mlango unabebeka.

Katikati ya msongamano huo niliona nafasi tupu. Karibu na tangi la maji, hatua nne kila upande, hapakuwa na mtu wala mkeka, isipokuwa mwanaume mmoja wa miaka hamsini hivi aliyeketi juu ya sanduku la mbao. Nilidhani ana ugonjwa. Lakini nilikuwa nimechoka, na pale tu ndipo palipokuwa na pa kukaa.

"Tata, kuna mtu hapa?"

"Hapana. Ikala," alijibu, akasogeza miguu. Kisha akaongeza, bila kuniangalia: "Lakini bataanza kukuangalia mubaya."

"Kwa nini?"

"Juu unaikala na mi."

Jina lake Badibanga. Alizaliwa hapo hapo Kolwezi, kwenye kambi ya wafanyakazi, mwaka 1942. Baba yake aliletwa kutoka Gandajika, huko Kasai, kwa mkataba wa miaka mitatu, na akafa katika mwaka wake wa thelathini na mmoja wa mkataba huo. Badibanga mwenyewe hajawahi kufika Gandajika. Lugha ya huko anaijua kwa kiasi cha mtoto: maneno ya chakula, na maneno ya kugombezwa.

Kazi yake ilikuwa kusuka mota. Mota ya pampu ikiungua mgodini, huletwa karakana, waya wake mweusi hutolewa, na fundi husuka waya mpya wa shaba ndani yake, mzunguko baada ya mzunguko, mamia kwa mamia, akihesabu. Ukimsemesha fundi akapoteza hesabu, anaanza upya. Kwa hiyo watu hawakumsemesha Badibanga, na yeye akazoea. Hata pale stesheni alizungumza kwa vipande vifupi, na katikati ya vipande vidole vyake vilikuwa vikizunguka vyenyewe juu ya goti.

"Ndani kuna nini?" niliuliza, nikigusa sanduku.

Aliliangalia kundi la watu, kisha akasimama, akafungua kifuniko.

Sijaona kitu kilichotunzwa vile katika safari ile yote. Sanduku lilikuwa na vyumba ishirini na vinne vya mbao nyembamba, kila chumba kimevikwa kitambaa cha blanketi la zamani, na katika kila chumba imesimama kanda moja ya sauti, zile kubwa za gurudumu, ndani ya jalada lake la karatasi ngumu. Kila jalada lina namba iliyopakwa rangi nyeupe. Chini ya namba, kwa mwandiko wa fundi, kuna tarehe, nyimbo kwa mpangilio wake, na mambo mengine: *amplifaya ya kushoto iliungua wimbo wa tatu, mvua, Kazadi alipiga ngoma na mkono moja, ingine ilivunjika ku kazi.* Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na nyundo iliyochorwa, na maneno: LES MARTEAUX, MATINÉE YA JUMAPILI, 1971 – 1979.

"Muziki gani?"

"Roki," alisema. "Roki ya kwetu."

Les Marteaux, yaani Nyundo, walikuwa vijana sita wa shule ya ufundi. Walisikia redioni magitaa ya ng'ambo yakilia kama bati linaloburutwa, wakataka na wao. Walipiga kila Jumapili saa tisa mchana kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi, kwa sababu saa tatu usiku zamu ya mgodi ilikuwa inaingia na nusu ya ukumbi ni wachimbaji. Badibanga aliitwa siku moja kutengeneza amplifaya. Alikaa miaka minane. Mwalimu mmoja Mbelgiji alipoondoka alimwachia mashine ya Kijerumani ya kunasa sauti, ndogo, ya kubeba begani, na tangu Jumapili hiyo, kila alipopata kanda tupu, akawa anasimama upande wa kushoto wa jukwaa na mikrofoni mkononi, haongei, hachezi, hanywi.

Muziki wa vijana wale ulifanana na wa vijana wa mahali pengi. Kilichokuwa chao peke yao kilikuja mwisho. Katika wimbo wa mwisho, magitaa yalishushwa mpaka yakawa mnong'ono, na mwimbaji, Mbayo, alianza kuita watu waliomo ukumbini, kila mmoja kwa jina lake na kwao. Mwamba wa Musumba! Laurentine wa Mutshatsha! Aliyeitwa hakujibu kwa mdomo. Alichukua kifungulio akagonga chupa yake ya bia mara moja, *ting*, na ukumbi mzima ukapiga kelele: "Eko!" Yupo.

Jina baada ya jina, Jumapili baada ya Jumapili.

"Na wewe uliwanasa?"

"Vijana ya orchestre walikuwa wanakasirika. Banasema, Badi, majina ikianza unageuza mikro, unatuacha siye, unachukua chupa. Nikawaambia, gitaa iko moja kila Jumapili. Chupa haiko moja." Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Chupa yenye kujaa inalia chini. Yenye kubakia kidogo inalia juu. Kazadi alikuwa anakunywa mbio, chupa yake ilikuwa kama kengele ya padri. Unipe kanda yoyote, bila jina. Mi nitakuambia ni nani."

"Wewe walikuita?"

"Kila Jumapili. *Badi wa Mashini!* Njo jina ya mwisho." Vidole vilisimama juu ya goti. "Lakini mi nashika mikro, sina chupa. Kwa hiyo pale kuna kimya. Batu wanacheka, basi, wimbo unaisha. Kanda yote ishirini na ine, mi niko kile kimya."

Halafu akajisahihisha, kama fundi anayekumbuka mzunguko mmoja alioruka. Kwenye kanda ya kumi na moja, baada ya kile kimya, kuna *ting* ndogo. Ni chupa ya limonadi. Aliyeigonga ni Elise, dada yake Mbayo, aliyekuwa amesimama nyuma ya Badibanga. Baada ya miezi sita walioana.

Nilikuwa karibu kumuuliza Elise yuko wapi, lakini mwanamke mmoja alikuwa amefika ukingoni mwa ile nafasi tupu na kusimama hapo, kana kwamba pana kamba. Alikuwa mwenye mwili, amefunga kitambaa cheusi cha msiba kichwani.

"We, mugeni! Haukuambiwa? Unaikala na ule?"

"Nimepumzika tu, mama."

"Pumzika kwingine. Ule njo alituandika. Muulize! Muulize nani alitoa majina yetu!" Akamgeukia Badibanga. "Kesho kutwa treni inafika. Wago ya kambi yetu ni ya sita. We hautapanda ndani yake, na ile jeneza yako haitapanda. Nimesema."

"Nimesikia, Mama Bilonda," alisema Badibanga.

Alipoondoka, Badibanga alifunga kifuniko na kuketi tena. Nilidhani hatasema. Lakini labda kwa sababu mimi sikuwa wa pale, alisema yote, polepole, macho yake kwenye reli.

Mbali na maandishi ya kwenye majalada, alikuwa na kaye, daftari nene. Humo aliandika kila jina lililoitwa, Jumapili kwa Jumapili, na kwao kila mtu, ili akisikiliza kanda baadaye asikosee chupa. Mwezi wa nane uliopita, Mbayo, shemeji yake, alikuja nyumbani na bia mbili. Alisema anataka kukusanya Les Marteaux kwa tamasha la kumbukumbu, na kualika watu wote wa zamani. Akaomba ile kaye.

"Nilifurahi," alisema Badibanga. "Miaka kumi na tatu hakuna mutu aliniuliza juu ya zile kanda. Nikamwambia, ngoja. Usiibebe vile. Nikaikala nayo siku ine. Kila mutu, nikaandika pembeni na bic ya buluu mahali anaikala sasa. Avenue. Namba ya nyumba. Juu nilisema, batu wamehama, invitation zitapotea."

Mwezi wa tatu, vijana waliokuwa wakifukuza watu walipoingia kambini, walikuwa na karatasi zilizopigwa chapa. Hawakupita nyumba kwa nyumba. Walienda kwanza avenue ya tatu, kisha wakavuka hadi ya tisa, kisha wakarudi ya kwanza. Watu hawakuelewa mpangilio huo. Badibanga, aliyesimama mlangoni mwake, aliuelewa kwenye nyumba ya nne. Ulikuwa mpangilio wa kanda namba moja. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kalumba, mume wa Bilonda, kwa sababu Kalumba wa Gandajika ndiye aliyekuwa akiitwa wa kwanza.

"Mbayo alijua, alipokuja na zile bia?"

"Sijue. Sikumuuliza. Nikimuuliza ataniambia." Alipangusa vumbi kwenye sanduku. "Mi njo nilienda kuwaambia batu hapa kama ni kaye yangu. Hakuna mutu alikuwa anajua. Nilifikiri wakijua itakuwa mwepesi."

Elise aliambiwa na kaka zake abaki, yeye ni wa huku, na watoto wabaki. Alibaki. Asubuhi ya kuondoka alimfungia mumewe unga, chumvi, sufuria moja na kijiko. Kalumba alikufa pale stesheni, siku kumi na tisa kabla sijafika, kwa kuhara.

"Liache sanduku," nilimwambia. "Mama Bilonda akiona umeliacha, labda atakupokea wewe."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aache mguu.

"Kule Gandajika, nikifika, nitasema mi ni nani? Baba yangu alitoka kule akiwa kijana. Hakuna mwenye kunijua. Hapa wanasema siko wa hapa." Aligonga sanduku kwa kifundo cha kidole. "Humu wanasema eko. Isipopanda hii, wale vijana wataivunja waone ni nini. Mi naweza kupanda mahali popote. Hii njo inapashwa kupanda."

Nilimwuliza kama bado ana mashine. Ilikuwa kwenye mfuko wa turubai, chini ya sufuria, lakini betri hakuna mji mzima. Niliangalia ng'ambo ya reli, ambako lori la Aruna lilikuwa limefungua boneti.

Asubuhi yake tulimwendea Aruna. Alisikiliza ombi letu huku akipima chumvi.

"Batri ya kamio yangu? Kwa muziki?" Alimtazama Badibanga kutoka kichwani mpaka miguuni. "Tata, ukiunguza batri yangu, mi nitakufukuza mara ya pili."

Aruna aliganda na kipimo cha chumvi mkononi. Kisha Badibanga alicheka. Kicheko chenyewe kilitoka kama kikohozi, lakini kilikuwa kicheko, na Aruna alishusha pumzi, akaenda kuleta betri kwa mikono yake mwenyewe.

Mashine ilihitaji nusu ya nguvu ile. Badibanga alitumia saa nzima akitoboa nta juu ya betri kwa msumari ili apate kuunganisha waya kwenye vyumba vitatu badala ya sita. Mikono yake ilikuwa imepata kazi, na uso wake ukawa wa mtu mwingine, mdogo kwa miaka. Aliweka kanda ya saba. Nilimwuliza kwa nini ya saba.

"Hakuna mvua juu yake."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, stesheni inanuka moshi wa makaa na ugali wa bukari ulioungua. Gitaa lilipoanza, watoto waliinua vichwa. Hawakuwa wamezaliwa wakati Les Marteaux wanapiga. Sauti ilikuwa chafu, kali, ngoma zimetangulia kidogo, na nyuma yake ukumbi mzima unapumua. Mzee mmoja aliyekuwa amelalia mlango wake alifungua macho. Bega la mwanamke aliyekuwa akipepeta unga lilianza kujibu, akalizuia. Hakuna aliyesogea karibu. Walisikiliza kutoka ukingoni mwa zile hatua nne.

Wimbo wa mwisho ulifika. Magitaa yakashuka. Na sauti ya kijana Mbayo, yenye furaha ya mtu mwenye miaka ishirini na mbili na shati jipya, ikasema:

"Kalumba wa Gandajika!"

*Tung.* Sauti nzito, ya chupa ambayo bado imejaa.

"Eko!" ukumbi ulipiga kelele.

Bilonda alikuwa anaosha sufuria kwenye tangi. Alisimama na maji yakimchuruzika mpaka viwikoni.

"Mwamba wa Musumba!" *Ting.* "Eko!" "Kazadi wa Mwene-Ditu!" *Ting*, juu kabisa, kama alivyosema, kengele ya padri. Mtu mmoja kwenye ngazi alisema kwa sauti, "Mama yangu, ni Kazadi," akafunika mdomo. Majina yaliendelea, ya Katanga na ya Kasai, yamechanganyika kama yalivyokuwa yamekaa. Mwishoni Mbayo aliita, "Badi wa Mashini!" na kweli, pakawa na kimya, kisha kicheko cha ukumbi. Stesheni hakucheka mtu. Kanda ilifika mwisho, mkia wake ukawa unapigapiga.

Bilonda alikuwa ameingia ndani ya ile nafasi. Sikumwona alipovuka.

"Rudisha," alisema.

"Yote, mama?"

"Kalumba."

Badibanga alizungusha gurudumu kwa kidole, akalisimamisha bila kutazama, mahali penyewe hasa. *Kalumba wa Gandajika.* *Tung.* *Eko.*

"Alikuwa hanywe mbio," alisema Bilonda.

"Hapana, mama. Moja tu, mpaka saa kumi na mbili. Ilikuwa inapata moto mu mukono."

"Rudisha."

Mara ya tatu, ukumbi uliposema "Eko", midomo ya Bilonda ilisema nao, karibu bila sauti. Kisha alipangusa mikono kwenye kitenge chake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sanduku itapanda," alisema. "Itapanda wago ya sita. Nitaikalia mi mwenyewe, na mwenye kuigusa nitamuvunja kidole. Na mashini pia." Alimtazama Badibanga usoni kwa mara ya kwanza. "We hapana. Siwezi. Tafuta wago ingine."

"Aksanti, Mama Bilonda."

"Usiniambie aksanti."

"Isiikale mu jua, basi. Na isilale. Zisimame vile ziko. Kila mwezi unazungusha moja moja, mbele na nyuma, ili isishikane."

"Ni bande, kanda tu. Haiko mutoto."

"Ni vile vile, mama."

Alasiri yote alimfundisha. Nilikaa na Aruna kwenye kivuli cha lori tukiwaangalia: mwanamke yule na kitambaa chake cha msiba, anapitisha ukanda kwenye vichwa vya mashine, anakosea, anagombeza mashine, na Badibanga hatua mbili kutoka kwake, mikono nyuma, anaelekeza kwa kidevu. Alimwonyesha kanda ya kumi na moja pia, lakini hakusema lolote la limonadi. Nilisubiri aseme. Alisema tu kuwa hiyo ina mkwaruzo mwishoni.

"Yeye ataenda na nini?" Aruna aliniuliza.

Nikamwambia, sufuria na kijiko.

Treni ilifika siku iliyofuata baada ya saa sita mchana, ikirudi nyuma, injini ikisukuma. Yalikuwa mabehewa ya mizigo kumi na moja, na nyuma yake mawili ya wazi, yale ya kubebea vipande vya shaba, yenye kuta za chuma zinazofika kiunoni. Sanduku liliinuliwa na wanaume wanne hadi behewa la sita. Bilonda alilikalia kama alivyosema, akiwa ameegemeza mlango wake wa nyumba mgongoni. Badibanga alipanda la mwisho kabisa, la wazi, pamoja na watu wa kambi nyingine waliompa nafasi kwa kuwa hawakumjua. Nilimpa kofia yangu kwa ajili ya jua. Aliivaa.

"Utaenda Mutshatsha?" aliniuliza.

"Treni ikipatikana."

"Itapatikana," alisema. "Siye tukiisha."

Kisha kipaza sauti kilianza. Kabla ya treni kuondoka majina yalisomwa, behewa kwa behewa, na kila mtu alitakiwa kujibu. Msomaji alisimama juu ya ngazi za stesheni: mwanaume mnene kidogo, shati lililopigwa pasi, karatasi mkononi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Sauti ilikuwa imezeeka na imekauka, lakini namna ya kuinua jina mwanzoni na kuliangusha kwenye "wa" ilikuwa ile ile niliyoisikia jana yake kwenye betri ya lori. Sidhani kama aliweza kusoma majina kwa namna nyingine. Watu walijibu "niko", "niko", bila kumtazama. Behewa la sita walijibu kama wengine. Alisoma jina la Kalumba, maana hakuna aliyelifuta, na Bilonda akajibu "niko" kwa ajili yake, kwa sauti iliyofika mpaka kwetu nyuma.

Behewa la Badibanga lilikuwa la mwisho, na jina lake likawa la mwisho, likiwa limeandikwa chini kwa kalamu kwa sababu alibadilisha behewa.

"Badibanga wa Gandajika!"

Kimya. Nilimtazama. Alikuwa amesimama wima, mikono kwenye ukuta wa chuma, anasikiliza, kichwa kimeinama upande kidogo, kama alivyoinamisha kichwa jana juu ya mashine. Alikuwa anakiacha kile kimya kiwe na urefu wake. Hakuna mtu aliyecheka.

"Badibanga!" kilirudia kipaza sauti. Na halafu, chini zaidi, kana kwamba mdomo ulikuwa umetangulia: "Badi wa Mashini."

Badibanga alitoa kijiko mfukoni, akagonga ukuta wa chuma mara moja.

Ilikuwa sauti mbaya, butu, haikuenda mbali. Nilisubiri *Eko* kutoka mahali fulani. Labda behewa la sita, labda mtu mmoja tu kwenye jukwaa. Hakuna aliyesema. Mbayo alikuwa ameshusha kipaza sauti. Alikiinua tena, hakikutoa kitu, akakishusha. Injini ikapiga honi, vyuma vikavutana mmoja baada ya mwingine kutoka mbele hadi nyuma, na behewa la wazi likaniacha nikiwa nimesimama kwenye kokoto.

Pale karibu na tangi kulikuwa kumebaki alama ya sanduku kwenye vumbi, mstatili safi. Familia iliyokuwa imesubiri nje ya uzio wa stesheni ilikwisha kuanza kuweka masufuria yake juu yake.

Mbayo alishuka ngazi, akaja mpaka nilipokuwa. Alinuka sabuni. Aliangalia treni, si mimi.

"Sanduku ilipanda?" aliuliza.

"Ilipanda."

"Yote ishirini na ine?"

"Yote."

Aliitikia kwa kichwa. Treni ilikuwa inapinda kuelekea mashariki, na kwenye mpindo ule, kwa kitambo kidogo, mtu aliye nyuma kabisa anaweza kuyaona mabehewa yote yaliyo mbele yake. Badibanga hakuwa akiuangalia mji. Alikuwa amegeuka upande ule mwingine, kofia yangu mkononi, na kidole chake kikienda hewani kimoja kimoja, kikihesabu mpaka la sita.